Uso wa Bibi Perpetua

Jina la nchi yenyewe silitaji. Si kwa woga, mimi na woga wapi na wapi! Ni kwamba kule kulitaja jina la nchi bila kibali cha Idara ya Majina ni kosa, na mimi ni raia mtiifu hata wa nchi nisikozaliwa. Itoshe kusema ina bendera, ina wimbo, ina barabara mbili na mawaziri sabini na mmoja. Elimu huko ni bure. Serikali ilitangaza jambo hilo kwa mizinga na magwaride siku tatu mfululizo, ikachoka kwa kutangaza, ikaziachia familia zenye moyo mwema zimalizie mambo madogo madogo yaliyosalia, yaani vitabu, chaki, paa na madawati.

Basi katika nchi hiyo alikuwepo mwalimu mmoja aitwaye Tunu Mbwilo, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya kuamsha waliozimia. Alifundisha hesabu darasa la saba katika Shule ya Msingi Kilimakavu. Alikuwa na watoto arobaini na watatu na hakuwa na dawati hata moja. Watoto waliandika wakiwa wamelala kifudifudi sakafuni, viwiko vimeota sugu, na mwandiko wao ulikuwa umelala vilevile.

Mwaka ule Mwalimu Tunu alitaka jambo moja tu duniani: darasa lake lifanye mtihani wa mwisho, lifaulu, liende sekondari. Kwa miaka sita hakuna mtoto wa Kilimakavu aliyefanya mtihani huo, maana Baraza la Mitihani lilikuwa na kanuni isiyopinda, kwamba mtahiniwa ataandika juu ya dawati. Shule isiyo na madawati haikusajiliwa. Kila mwaka Mwalimu Tunu aliwatazama watoto wake wakimaliza na kutawanyika kwenda kuchoma mkaa. Safari hii alikuwa na Havijawa, binti wa mama muuza kisamvu, mwembamba kama ufito, aliyekuwa akipata jibu la hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuiandika ubaoni. Mwalimu alikuwa ameapa kwamba huyu hatachoma mkaa.

Zamani shule ilikuwa na mpango wake wa madawati. Wanafunzi wa kwanza kabisa walipanda mitiki themanini nyuma ya madarasa, wakaipa kila mmoja namba yake, wakaimwagilia kwa zamu, ili ikikomaa ipasuliwe mbao. Ilikomaa. Mwaka uliotangulia kisa hiki yakaja malori, yakaikata yote mchana kweupe. Kibali cha kukata kilitolewa na Waziri wa Misitu, Mheshimiwa Gaspari Ngwamba. Malori yalikuwa ya kiwanda cha mbao cha nduguye, Mheshimiwa Deusdedit Ngwamba. Na barua ya pole kwa shule iliandikwa na dada yao, Mheshimiwa Filomena Ngwamba, Mwenyekiti wa Wakfu wa Familia ya Ngwamba kwa Kuikumbatia Elimu ya Umma. Mimi sisemi kitu hapo. Familia yenye umoja ni jambo la kupendeza.

*

Habari njema ililetwa na Afisa Elimu mwenyewe, Bwana Zefania Chilumba, mtu mwenye tumbo linalotangulia na kalamu nne mfukoni ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikiandika. Alimkuta Mwalimu Tunu peke yake ofisini. Mwalimu Mkuu alikuwa masomoni, akisomea Stashahada ya Kupokea Misaada.

"Shikamoo, Afisa."

"Marahaba, Mwalimu. Kaa kwanza, habari hii haisikilizwi kwa miguu."

"Kiti hakuna, mzee."

"Basi egemea ukuta." Akakohoa kikohozi cha kiserikali. "Familia ya Ngwamba imeguswa. Imeguswa, Mwalimu, imeguswa mpaka ndani. Inawapa madawati arobaini na matatu. Kila mtoto na lake. Mapya!"

Mwalimu Tunu aliuachia ukuta. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Alitaka kucheka, akalia, alitaka kushukuru, akauliza, "Lini?"

"Mtakapokuwa tayari kushukuru," akasema Afisa.

Kumbe kushukuru ni kazi. Ilikuja ratiba mpya kutoka kwenye Wakfu. Hesabu ikaondolewa, mahali pake pakaingia Shukrani ya Kuimba. Sayansi ikaipisha Shukrani ya Kukariri. Saa ya lugha ikawa Shukrani ya Vitendo, ambayo ilikuwa ni kupiga magoti na kuinuka bila kuchafua sare. Alikuja Mkaguzi wa Tabasamu na rula yake, akawapima watoto midomo mmoja mmoja, akaandika kwamba wengi walikuwa chini ya kiwango kwa sababu ya njaa, ila walionyesha dalili ya kuboreka. Wiki tano zilikwenda hivyo. Mwalimu Tunu alikuwa akiwafundisha sehemu na desimali wakati wa kwenda haja, wamejipanga foleni chooni, naye amesimama pembeni akiandika ukutani kwa kipande cha mkaa. Alijiambia avumilie. Madawati yanakuja.

*

Siku ya makabidhiano yalisimamishwa mahema sita. Matano yalikuwa ya wageni na moja la wapishi wao. Watoto walisimama juani, kwa kuwa jua hung'arisha picha. Madawati yalipangwa uwanjani yamefunikwa vitambaa vya hariri. Mwalimu Tunu aliyahesabu mara nne kwa macho, akayakuta arobaini na matatu kamili.

Mheshimiwa Filomena alipanda jukwaani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kilemba kilichohitaji msaidizi wa kukishika upepo ukivuma, na sheria ilitaka aitwe Dada wa Taifa.

"Ndugu zangu maskini wapendwa," alianza, na wazazi wakapiga makofi kama walivyofundishwa. "Leo sisi tunatoa. Kutoa si jambo jepesi. Ninyi mnaopokea hamwezi kuujua uchungu wa kutoa. Marehemu mama yetu, Bibi Perpetua, hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, na tazameni sisi watoto wake tulipofika! Hiyo ndiyo thamani ya elimu!"

Afisa Chilumba alisimama akalia kwa sauti, akaketi.

"Wapo wanaosema matajiri wa nchi hii wanachukua," aliendelea Dada wa Taifa. "Tunachukua nini? Tazameni mbao hizi. Mitiki safi! Mngeitoa wapi ninyi mitiki?"

Watoto wote arobaini na watatu wakageuza shingo kwa pamoja, wakatazama nyuma ya madarasa, kwenye visiki. Mkaguzi wa Tabasamu akapuliza filimbi, shingo zikarudi.

Ndipo vitambaa vikavutwa. Uwanja mzima ukasema "aaah," kisha ukasema "ee?"

Juu ya kila dawati, pale pa kuandikia, pametandazwa uso wa Bibi Perpetua. Uso mzima, kutoka ukingo hadi ukingo, umechorwa kwa rangi na kupakwa vanishi inayong'aa. Haukuwa uso wa kucheka. Bibi alikuwa amekunja ndita, anakutazama kama mtu aliyekufumania jikoni mwake unadokoa nyama. Watu wa karibu na familia walieleza baadaye kwamba mwanzo ilikusudiwa picha ndogo tu ubavuni. Gaspari akataka iwe yake, Deusdedit akataka iwe yake, ndugu wakarushiana sahani, ikabidi wasuluhishwe kwa picha ya mama. Na mama, wakakubaliana, hawekwi ubavuni.

Havijawa aliitwa mbele kuonyesha jinsi dawati linavyotumika. Akaketi, akanyoosha mgongo, akatoa daftari, akaliweka juu ya pua ya Bibi.

"Toa!" Ilikuwa ni sauti ya Bwana Mponda, aliyeajiriwa na Wakfu awe Mlinzi wa Nyuso katika shule ile. Alikuja mbio, rungu mkononi. "Toa hilo daftari, mtoto! Unamfunika Bibi uso! Amekufa?"

"Kwani hajafa?" aliuliza Havijawa.

Dada wa Taifa akayumba, kilemba kikadakwa. Maana watu wa nchi ile wana desturi yao, na hapa ndipo lilipolala tatizo lote: kule uso wa mtu mzima haufunikwi mpaka siku anayochukuliwa kuzikwa. Kumfunika kabla ya hapo ni kumtakia mabaya, na kumfunika mara ya pili aliyekwisha kuzikwa ni kumwita arudi azikwe tena. Isitoshe, ni nani aliyelelewa akaleleka, atakayemwekea bibi wa watu kiwiko jichoni? Hata mama yake Havijawa, muuza kisamvu, aliyetaka mwanawe asome kuliko alivyotaka kula, alitikisa kichwa akanong'ona, "Kweli, si adabu." Familia ilikuwa imetoa madawati yasiyoandikika, na wananchi walikuwa na adabu mno kusema hivyo.

Afisa Chilumba aliokoa siku. Alitunga waraka palepale, akausoma hewani bila karatasi. Kuanzia leo, ni marufuku kuweka daftari, kitabu, rula, mkono, kiwiko au jasho juu ya uso wa Bibi Perpetua. Mwanafunzi ataketi kwenye dawati lake, mikono mapajani, akimtazama mfadhili machoni kwa shukrani. Makofi yalipigwa dakika kumi. Picha zikapigwa, magazeti ya kesho yakaandika kwamba Kilimakavu imeaga sakafu.

*

Hawakuiaga. Walirudi sakafuni, ila sasa chini ya madawati, kwa kuwa madawati yalijaza chumba. Zamani angalau walikuwa na mwanga. Sasa waliandika gizani kama panya, na waliopinduka chali kupumzisha viwiko waliona, kwenye mbao za chini, namba zilizochomwa kwa chuma cha moto na wanafunzi wa kwanza walioipanda mitiki ile. Arobaini na moja. Sitini na nane. Kiwanda kilipiga randa upande wa Bibi tu.

Kila asubuhi darasa lilimwamkia Bibi mara arobaini na tatu, dawati baada ya dawati. Bwana Mponda alikuwa akiitikia "marahaba" kwa niaba ya marehemu, na kwa sababu alipenda kazi yake hakuharakisha. Kisha nyuso zilipanguswa kwa mafuta ya nazi, ambayo wazazi walitakiwa kuyaleta. Watoto walikuwa wakipita majumbani wakiomba mafuta hayo jirani kwa jirani, na mboga za nyumbani zikapikwa chukuchuku ili Bibi ang'ae. Mwalimu Tunu alianza kuuchukia uso ule. Aliuchukia usingizini. Akila, aliuona ndani ya uji.

Alijaribu njia. Aliyapindua madawati, Mponda akapiga yowe kwamba Bibi analazwa kifudifudi. Alitandika kanga, akaambiwa hiyo ni sanda. Mwishowe Havijawa aligundua kwamba ukingoni, nje ya sikio la kushoto, vanishi iliacha ubao mtupu wa upana wa vidole viwili. Akakata karatasi vipande virefu vyembamba kama utepe, akawa anaandikia hapo, hesabu zikishuka badala ya kwenda pembeni. Darasa zima likamwiga. Mwalimu alipoona watoto wake wanagawanya desimali kwenye nafasi ya vidole viwili, kando ya sikio la mwanamke aliyekufa, alitoka nje akatema mate. Lakini karatasi za Baraza la Mitihani si utepe. Na mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu.

Akaenda kwa Afisa Chilumba.

"Mzee, Baraza linasema watoto waandike juu ya dawati. Waraka wako unasema wasiandike juu ya dawati. Nifuate lipi?"

"Yote mawili," alisema Afisa bila kufikiri.

"Kwa vipi?"

"Mwalimu, mimi ni mtu wa sera. Mambo ya vipi si ya ofisi hii."

Akaomba kumwona Dada wa Taifa. Alipokelewa baada ya siku nane, si ofisini, bali katika shule ya familia, Akademia ya Ngwamba, ambako watoto wa mawaziri hufundishwa na walimu wanne kila mmoja. Mwalimu Tunu alipita dirishani akachungulia darasa. Akasimama kama aliyepigwa msumari. Madawati! Mitiki ileile, laini, pana, mitupu kabisa. Hapakuwa na pua wala jicho. Mtoto mmoja alikuwa amelaza shavu juu ya lake, amelala fofofo.

"Mheshimiwa Dada," alisema alipokaribishwa ndani, "mbona haya hayana Bibi?"

Dada wa Taifa alicheka kicheko cha upole, kile cha kumwelewesha mtu mgumu kuelewa. "Hapa wazazi wanalipa, Mwalimu. Ukiwawekea uso wa mama yangu watauliza ni wa nini. Uso ni kwa wanaopewa."

Mwalimu Tunu hakuja kugombana, alikuja kuwatafutia watoto pa kuandikia. "Basi nakuomba, mama, siku mbili tu za mtihani. Waandike siku mbili tu, kisha tutampangusa."

"Haiwezekani. Lakini sisi si watu wa kukwamisha elimu." Dada wa Taifa alifumba macho, akawaza, akayafumbua kwa furaha. "Wajibu moyoni!"

"Moyoni?"

"Waketi vizuri, mikono mapajani, karatasi ishikwe mbele na mlinzi, kila mtoto ajibu moyoni mwake. Bibi atasikia. Mimi nitaliandikia Baraza barua kuthibitisha kwamba wamejibu. Unaona? Ukikaa na watu wenye fikra, mambo yanakuwa mepesi."

*

Alfajiri ya mtihani Mwalimu Tunu alikuwa amekwisha kuamua. Msimamizi aliyetumwa na Baraza la Mitihani alikuwa mzee mkavu kutoka mji wa mbali, miwani yake imefungwa kwa uzi, na kichwani mwake mlikuwa na kanuni za Baraza tu na hakuna kingine. Alilitupia macho dawati la kwanza.

"Nini hiki?"

"Dawati, mzee," alijibu Mwalimu.

"Lina mtu."

"Ni dawati, mzee."

"Kanuni haisemi liwe na mtu wala lisiwe naye," alisema msimamizi. "Mtahiniwa ataandika juu ya dawati. Sasa huyu mwenye rungu ni nani?"

Bwana Mponda alipiga saluti. "Mlinzi wa Nyuso! Nina agizo kutoka juu nibaki ndani."

"Ndani hukaa watahiniwa na msimamizi," alisema mzee. "Ukitaka kubaki, keti, upewe karatasi, ufanye mtihani."

Mponda aliitazama karatasi. Kilimakavu yote ilijua kwamba Mponda alirudia darasa la saba mara tatu na mara zote tatu alishindwa na hesabu. "Nitalinda kwa nje," alisema kwa sauti ndogo, na mlango ukafungwa.

Watoto walikuwa wameketi, mikono mapajani, karatasi za mtihani wamezishika hewani. Hakuna aliyethubutu kuiweka. Wengine walikuwa wanalia kimyakimya. Mwalimu Tunu, ambaye naye alitakiwa kutoka, alisimama mlangoni. Alijua kazi yake inakwisha hapo.

"Wanangu," alisema, "bibi yeyote mwenye akili timamu angewaambia muandike. Huyu kama hakuwa na akili hizo, shauri yake. Mwekeeni karatasi usoni. Dhambi ni yangu."

Havijawa alivuta pumzi. Akaiweka karatasi yake juu ya shavu la kulia, palipokuwa tambarare zaidi, akaandika jina. Wenzake arobaini na wawili wakafuata. Vanishi ilikuwa laini na kalamu za watoto wa Kilimakavu huandika kwa nguvu, wamezoea sementi. Walipomaliza siku ya pili, hesabu zote zilikuwa zimechimbika kwenye uso wa Bibi Perpetua. Alikuwa na sehemu kwenye paji la uso, pembetatu juu ya midomo, na kipeo cha pili katikati ya jicho.

*

Basi nchi ikatikisika. Mheshimiwa Gaspari alitangaza siku saba za maombolezo misituni. Mheshimiwa Deusdedit alizimia mbele ya wapiga picha, akazimia tena kwa wale waliochelewa. Iliundwa Kamati ya Uso, ikiwa na madaktari wawili wa ngozi, kuchunguza majeraha ya marehemu. Mwalimu Tunu alisimamishwa kazi, akaamriwa kila siku aje asimame uwanjani pale shuleni, atazamwe. Alisimama wiki sita. Watoto walipita mbali, kwa kuwa kumwamkia kulikatazwa.

Siku ya hukumu mahema sita yalirudi. Afisa Chilumba alifungua barua ya mashtaka, akaanza kusoma kwa sauti ya ngurumo.

"Kwa kuwa mtumishi huyu, Tunu Mbwilo, kwa ukatili usio kifani, amewaongoza watoto kuuchimbachimba uso wa Mama wa Elimu—"

Simu yake ikalia. Akaipokea, maana aliyepiga alikuwa Waziri wa Elimu. Akasikiliza. Akasema "ndiyo mzee" mara kumi na moja. Akairudisha mfukoni, akaendelea na karatasi ileile, kidole chake kikiwa palepale kilipoachia.

"—Mama wa Elimu, ambaye kupitia uso wake hekima imemiminika ndani ya watoto hawa, na leo Shule ya Msingi Kilimakavu imekuwa ya kwanza katika taifa zima! Kwa ukatili usio kifani, samahani, kwa ukarimu usio kifani, Familia ya Ngwamba imetufaulishia watoto!"

Umati haukujua ufanye nini. Mkaguzi wa Tabasamu akapuliza filimbi, vigelegele vikapaa. Mheshimiwa Deusdedit, aliyekuwa anajiandaa kuzimia, alijizuia katikati akaifanya kuwa dansi. Dada wa Taifa alikuja akamkumbatia Mwalimu Tunu mbele ya kamera, akamnong'oneza sikioni, "Jipanguse machozi, tutakusamehe." Siku hiyohiyo ilipitishwa sheria kwamba madawati yote ya umma nchini yawekwe uso wa Bibi Perpetua, na kiwanda cha Deusdedit kikapewa mitiki ya shule zote.

Mwalimu Tunu hakujali. Waibe hata mawingu. Aliwaza jambo lake moja: watoto arobaini na watatu wamefaulu, na Havijawa amepata alama zote mia za hesabu, wa kwanza katika nchi nzima. Wanakwenda sekondari.

Ila barua za kwenda sekondari hazikuja shuleni. Zilipitia kwenye Wakfu. Familia ilikuwa imeamua kuzitoa yenyewe kwa mkono wake, kama zawadi. Mtoto angeitwa jukwaani, apige magoti, aseme, "Nimepewa na Familia ya Ngwamba," ndipo akabidhiwe. Asiyesema, barua yake ingerudi ofisini kufikiriwa upya, na ofisi ile ilijulikana kwa kufikiri.

Arobaini na wawili walipiga magoti wakasema. Mwalimu Tunu alikuwa amepewa kazi ya kuwashikia kipaza sauti. Kila mmoja alipotamka, mwalimu alihisi amemeza nywele.

Wa mwisho akawa Havijawa. Alipiga magoti vizuri, bila kuchafua sare. Akasema kwa sauti wazi, "Nimefaulu."

Kicheko kidogo kilipita kwenye mahema. Dada wa Taifa alitabasamu, barua ameishika kwa vidole viwili. "Mtoto amebabaika. Sema tena, mpenzi. Nimepewa."

"Nimefaulu," alisema Havijawa. Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anavyosema mtu anayetaja jibu la hesabu.

Afisa Chilumba akainama. "Mtoto huyu mjinga! Sema nimepewa!"

"Nilifanya mwenyewe, mzee. Maswali hamsini."

Dada wa Taifa akaikunja barua ile mara moja. Akaikunja mara ya pili. Tabasamu halikumtoka. "Mwalimu," alisema taratibu, "hebu mweleweshe mwanao."

Mwalimu Tunu aliitazama barua inavyokunjwa. Akamwona mama muuza kisamvu kule juani, mikono kichwani. Akauona mkaa. Alichuchumaa mpaka uso wake ukakutana na wa mtoto, akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Sema, mwanangu," alisema. "Sema tu. Ni neno tu hilo."

Havijawa alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemsubiri mwalimu agundue kwamba amekosea ubaoni, afute. Mwalimu hakufuta. Alikitoa kiganja, akakisogeza kipaza sauti kwenye midomo ya mtoto.

"Nimepewa na Familia ya Ngwamba," alisema Havijawa.

Mahema yalilipuka kwa makofi, barua ikakunjuliwa, ikakabidhiwa, kamera zikamulika. Mwalimu Tunu alijikuta naye anapiga makofi, kipaza sauti amekibana kwapani, na makofi yake ndiyo yaliyosikika kwa nguvu kuliko ya wote.

Havijawa aliinuka, akamsogelea, barua kifuani.

"Mwalimu, na zile hesabu, nazo nilipewa?"

"Ingia kwenye mstari," alisema Mwalimu Tunu. "Wanapiga picha."